Pikapu ya Betri, Lakini Niachieni Injini

Kila anayesikia kwamba ninangoja pikapu ya umeme huniuliza swali lile lile, tena akiwa na jibu tayari mdomoni: "Na Kisumu utafika?" Mimi nauza viazi. Navitoa Molo na Kuresoi, navishusha Nakuru, na mara mbili kwa wiki navipeleka soko la Kibuye, kule Kisumu. Hesabu ya Kisumu nimeipiga mara nyingi kuliko wanaoniuliza. Nitafika, mradi wanaotengeneza magari haya waniwekee injini ndogo ya kuchaji betri njiani.

Injini hiyo ndiyo inayowavutia wanunuzi siku hizi. Kule Marekani, kampuni ya Scout, iliyo chini ya Volkswagen, ilionyesha pikapu yake Oktoba 2024 ikaanza kupokea arbuni ya dola 100. Mnunuzi aliwekewa mambo mawili achague. La kwanza, betri peke yake, kama kilomita 560 kwa chaji moja. La pili, betri pamoja na injini ya petroli inayoichaji, kama kilomita 800. Kampuni yenyewe imesema zaidi ya asilimia 80 ya waliotoa arbuni walitaka yenye injini. Watengenezaji wa pikapu za Ram nao mwaka 2025 waliachana na pikapu ya betri tupu, wakabaki na yenye betri ya uniti 92 za stima (uniti ni kilowati-saa) na injini ya lita 3.6 ambayo haizungushi gurudumu hata moja. Kazi yake ni kufua umeme tu. Ford, ambao pikapu yao ya umeme, Lightning, ilipokelewa kwa shangwe 2022, walitangaza Desemba 2025 kwamba itakayofuata itakuja na jenereta.

Wapo wanaozisoma habari hizi wakasema umeme umeshindwa. Nakataa. Watu wenye lami nzuri na vituo vya kuchaji wamesema neno ambalo mkulima wa Kuresoi angelisema bila kuulizwa: mota ya umeme naitaka, lakini usiniache gizani. Huyo hajaukataa umeme. Ameeleza anavyoishi.

Nilipomweleza fundi wangu hapa Nakuru alinisikiliza, akafuta mikono, akasema, "Mama, hiyo si ajabu. Hiyo ni treni." Ni kweli kabisa. Kichwa cha treni ya SGR kinachoteremka bondeni kwenda Suswa kina injini ya dizeli, lakini magurudumu yanasukumwa na mota za umeme. Injini inazungusha jenereta, jenereta inalisha mota. Pikapu hizi zinaongeza betri kubwa katikati, unayoichaji nyumbani, ili injini ilale siku nyingi na iamke siku ya safari ndefu. Nimewaeleza watu wengi kwa mfano huo wa fundi, na hakuna aliyeondoka bila kuelewa.

Sasa njia yenyewe. Nakuru hadi Kisumu kupitia Kericho ni kama kilomita 180, na tambarare ni chache. Unapanda Salgaa, Sachang'wan, hadi Mau Summit, halafu unaanza kuteremka kwa awamu: Londiani, Kericho, Awasi, mpaka unaingia Ahero na joto lake. Kurudi ni kupanda tena zaidi ya mita 1,000 kutoka kwenye mashamba ya mpunga hadi kileleni. Pikapu na mzigo wake zikiwa tani tatu, kuzipandisha mita 1,000 kunakula uniti 8 za stima kabla hujahesabu upepo, tairi na joto linalopotea. Wale waliojaribu kuvuta trela nzito kwa pikapu za betri Marekani waliona umbali ukipungua kwa karibu nusu. Toyota walionyesha Hilux ya umeme mwishoni mwa 2025: betri ya uniti 59, kama kilomita 240, mzigo kilo 715. Magunia ya kilo 50 ni 14, na dereva bado hajapanda. Isuzu D-Max ya umeme inabeba tani nzima, lakini umbali wake kwa kipimo cha Ulaya ni kilomita 263. Kwenda Kibuye nitaenda. Kurudi je, nikiwa na mchele wa Ahero nyuma?

Ila kuna upande wa mlima ambao wanaobishana nami hawaugusi, na kwangu ndio mkubwa kuliko yote. Ni kuteremka.

Kila anayetumia barabara hii anajua Salgaa imetuzikia watu wangapi. Malori yanashuka kutoka Mau Summit, dereva anaitoa gia ili aokoe dizeli, gari linateleza lenyewe, breki zinapata moto, na mwisho hazishiki. Mwaka jana nilikuwa nikitoka Kisumu na magunia ya mchele, gia ipo, mwendo wa heshima, na bado breki zangu zilianza kunuka kabla sijafika Salgaa. Niliegesha pembeni, nikakaa kwenye nyasi nusu saa, miguu ikitetemeka. Gari la mota halishuki hivyo. Ukiondoa mguu kwenye pedali ya mwendo, mota inageuka jenereta, magurudumu yanaizungusha yenyewe, gari linajizuia na stima inarudi kwenye betri. Hairudi yote uliyotumia kupanda, lakini breki zako zinabaki baridi. Dereva wa aina hii ya gari hana sababu ya kutoa gia, kwa kuwa akifanya hivyo anatupa stima yake mwenyewe. Kuna jambo moja la kujua: betri ikiwa imejaa kabisa haina pa kuweka umeme huo, kwa hiyo usichaji hadi mwisho halafu uanze safari ukiwa kileleni. Hilo linafundishika kwa siku moja.

Kwa ajili ya mteremko huo peke yake ningelipa zaidi.

Sitaki mtu anielewe vibaya kuhusu arbuni. Dola 100 inayorudishwa si gari. Cybertruck ya Tesla ilioneshwa 2019, ikawekewa arbuni na zaidi ya watu milioni moja, na walioinunua ilipotoka walikuwa sehemu ndogo sana ya hao. Shauku ya mnunuzi hupoa bei ikitajwa. Lakini inaonyesha watu wanaelekea wapi, na watengenezaji wameifuata.

Kinachoniuma ni kwamba sisi hatumo kwenye hesabu. Hizo za Scout na Ram zinatengenezewa Marekani, usukani upande wa kushoto, na ukubwa ambao barabara ya Olenguruone haiuhitaji. Iliyo karibu nasi zaidi ni BYD Shark, inayouzwa Australia na usukani upande wetu. Inakwenda kama kilomita 100 kwa betri kisha injini inaendelea. Kilomita 100 kwa siku ndiyo kazi yangu ya Molo na Nakuru, kwenda na kurudi, bila tone la mafuta. Nikiipata yenye uwezo wa kubeba tani moja, nauza niliyo nayo kesho.

Na stima tunayo, tena kwetu hapa kaunti ya Nakuru. Olkaria inatoa umeme wa mvuke wa ardhini mchana na usiku, na usiku watu wakilala mvuke mwingine huachiwa uende hewani kwa sababu hakuna wa kuutumia. Mwaka 2023 iliwekwa bei maalumu ya kuchaji magari, shilingi 16 kwa uniti na shilingi 8 usiku, kabla ya kodi na tozo. Malori na pikapu hulala Salgaa kwa mamia. Madereva wanakula, wanaoga, wanalala hadi alfajiri, na vyombo vyao vimesimama tu mita chache kutoka kwenye nyaya. Naiomba serikali ya kaunti na kampuni ya umeme waanzie hapo, kisha Londiani, kisha Ahero. Wasisubiri magari yajae kwanza. Mfanyabiashara hanunui gari la stima akitumaini kwamba soketi itakuja.

Siku vituo hivyo vitakapokuwepo, huenda injini yangu ndogo ikakaa mwezi mzima bila kuwaka. Nitaiacha ilale. Lakini Aprili mvua ikishika Kuresoi, nguzo zikianguka na giza likikaa siku tatu, viazi vitakuwa vimeshachimbwa na mnunuzi wa Kibuye atakuwa ananipigia simu. Siku hiyo nitaweka lita 20, niiwashe, niondoke.