Reykjavik au Helsinki kwa Mtu wa Bonde la Ufa

Binamu yangu anasoma Uholanzi. Februari ana likizo ya siku sita na akiba aliyoidunduliza kwa kuosha vyombo mkahawani, na ananiuliza aende wapi: Reykjavik, mji mkuu wa Iceland, au Helsinki, mji mkuu wa Finland. Kote kuwili nimefika wakati wa baridi. Viza si tatizo, maana kibali chake cha kuishi Uholanzi kinamruhusu kutembelea nchi zote za Schengen, yaani zile za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa pasipoti mipakani kati yao. Iceland haimo katika Umoja wa Ulaya, ila Schengen imo. Kilichobaki ni baridi, pesa, na kile hasa anachokwenda kukiona.

Baridi kwanza, maana ndiyo inayotutisha. Reykjavik iko nyuzi 64 kaskazini, na hakuna mji mkuu wa nchi huru uliopanda juu kuliko huo. Hata hivyo, mkondo wa maji vuguvugu wa Atlantiki huifanya Januari yake izungukie sifuri tu, wakati Helsinki, iliyo nyuzi 60, hushuka zaidi ya hapo. Kinachotesa Reykjavik ni upepo. Mvua hukupiga ubavuni, mwavuli hugeuka nje ndani, na unarudi ulikolala umelowa mpaka soksi.

Kwenye pesa sina shaka hata kidogo. Reykjavik inakausha mfuko. Kiwanja cha ndege cha Keflavik kiko kama kilomita 50 kutoka mjini, na vinavyowapeleka watu Iceland, yaani bonde la Þingvellir, chemchemi za moto za Geysir na maporomoko ya Gullfoss, vyote viko nje ya mji. Lazima ukodi gari au ulipie ziara. Helsinki treni inakutoa kiwanjani hadi katikati ya mji. Maktaba ya Oodi, iliyofunguliwa 2018 mkabala na Bunge, haimtozi mtu kitu: unaketi ghorofa ya juu kwenye joto, unasoma, unatazama theluji ikianguka, na hakuna anayekuuliza umenunua nini. Kwa mwanafunzi hilo ni jambo kubwa.

Wanaoitetea Reykjavik wana hoja nzito moja, nayo ni anga. Mianga ya kaskazini, ile ya kijani inayocheza usiku, huonekana kule mara nyingi zaidi. Helsinki huonekana kwa nadra, na anayeitaka kwa dhati hupanda treni ya usiku kwenda Rovaniemi, mji wa kaskazini mwa Finland. Lakini Reykjavik nako mawingu yakitanda huoni kitu, na ndani ya siku sita yanaweza kutanda zote.

Hoja ya pili ni ardhi yenyewe. Pale Þingvellir, Waiceland walikoanzisha bunge lao mwaka 930, mabamba mawili ya gamba la dunia, la Amerika Kaskazini na lile la Ulaya na Asia, yanaachana, nawe unatembea kwenye ufa. Ni mahali pa kutisha kwa uzuri. Ila mimi na binamu yangu tumezaliwa Naivasha. Nilipofungua bomba la maji ya moto Reykjavik likanukia yai viza, moyo wangu ulikwenda moja kwa moja Hell's Gate, hifadhi iliyo karibu na kwetu, kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria. Ufa tunao, na chemchemi zinazochemka tunazo Bogoria. Wahandisi wengi wa Kenya walijifunza jotoardhi, yaani kuzalisha umeme kwa mvuke wa ardhini, hukohuko Iceland, wakarudi kufanya kazi nyumbani. Na Aprili 2010, majivu ya volkano ya Eyjafjallajökull ya Iceland yalipofunga anga la Ulaya, maua ya Naivasha yanayosafirishwa huko kwa ndege yalitupwa na vibarua wakabaki nyumbani bila ujira. Iceland kwetu ni jirani wa mbali.

Ambacho hatuna popote ni bahari iliyoganda. Kutoka soko la bandarini Helsinki, feri ya kwenda ngome ya Suomenlinna, iliyoanza kujengwa 1748, hutumia tiketi ileile ya tramu. Asubuhi niliyoipanda ilikuwa ikipasua barafu: chuma kikisaga, mapande meupe yakiinuka na kulala ubavuni mwa chombo, na mama mmoja kando yangu akifuma soksi bila hata kuinua macho. Safari haifiki nusu saa. Nilirudia mara tatu siku hiyo.

Nakiri kwamba barafu nayo haina ahadi. Kuna miaka ambayo baridi hulegea na bandari hubaki na maji na uji wa theluji. Februari ndio mwezi wenye nafasi nzuri. Na hata isipoganda, bado kuna sauna ya umma kando ya maji, ambako wanaume na wanawake huingia pamoja wakiwa na mavazi ya kuogelea. Kwenye mabwawa ya Reykjavik, sheria ni kuoga uchi kwa sabuni kabla ya kuingia, kwa kawaida mbele ya wenzako wa jinsia yako. Kwa kijana aliyelelewa na shangazi yangu, hilo si dogo.

Nimemwambia akate tiketi ya Helsinki, na anunue viatu vyenye meno kabla hajaondoka.