Ng'ombe yule kamkamua nani?

Swali hilo aliuliza mama mkwe, Jumatano usiku, na sebule nzima ikakosa jibu.

Alikuwa amekuja kutoka Lindi kwa ajili ya kliniki ya macho, na wiki yenyewe ilikuwa kama wiki zote. Wa darasa la saba ana majaribio, mdogo wake kapoteza sweta la shule kwa mara ya pili muhula huu, mimi na mke wangu tunategeana kuosha vyombo. Nikaona tuangalie filamu. Nikachagua 1917 ya Sam Mendes kwa sababu mbili: kila mtu anaisifia, na filamu ya vita haina mabusu. Ukiwa na mkwe sebuleni, hilo la pili si dogo.

Kwa ambaye hajaiona: ni tarehe 6 Aprili 1917, Ufaransa, Vita ya Kwanza ya Dunia. Vijana wawili wa jeshi la Uingereza wanapewa barua wakaiwahishe mbele, maana wenzao 1,600 wanakaribia kuingia kwenye mtego wa Wajerumani. Imepigwa na kuunganishwa ili ionekane kama kamera haikukatwa hata mara moja. Unatembea nao, unakanyaga nao matope. Sasa njiani wanafika kwenye shamba lililotelekezwa. Hakuna mtu, ila ng'ombe mmoja yupo, na pembeni kuna ndoo ya maziwa. Kijana anachota, anakunywa, anajaza chupa yake. Ndipo mama akauliza. Na kabla hatujamaliza kucheka akaongeza: "Na hawa wote, chakula chao nani anakibeba?"

Uniti za umeme zikaisha muda si mrefu baadaye, na kwenye simu sikuwa na salio. Tukakaa gizani. Mama akaendelea kuongea.

Kumbe babu yake alichukuliwa kubeba mizigo vita hiyohiyo. Siyo Ufaransa; hapohapo Lindi, kuelekea Mahiwa. Alirudi, ila ndugu yake mmoja hakurudi, na hakuna aliyewahi kuambiwa kaburi liko wapi. Mama alilisema hilo kama anavyosema bei ya mbaazi, halafu akamtuma mjukuu amletee maji.

Mahiwa nilikuwa naisoma vitabuni tu. Oktoba 1917, kuanzia tarehe 15 mpaka 18, jeshi la Waingereza na la Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck walipigana pale mpaka upande wa Waingereza pekee ukapoteza watu zaidi ya 2,000, waliokufa na waliojeruhiwa. Nasema Waingereza na Wajerumani, lakini wengi waliokuwa wanapigana ni Wanaijeria, King's African Rifles (jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza), na askari weusi wa Mjerumani. Nyuma yao wote ni wapagazi. Mbung'o walikuwa wanaua farasi na ng'ombe, kwa hiyo risasi, unga na mizinga iliyofunguliwa vipande vipande vilipanda juu ya vichwa vya watu. Kumbukumbu za Waingereza wenyewe zinataja vifo vya wapagazi zaidi ya 40,000. Wengi hawakuuliwa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria na posho isiyotosha.

Filamu tuliimalizia Ijumaa. Ni nzuri, sitaki kudanganya. Yale maziwa yanarudi baadaye, kijana anampa mwanamke anayelea mtoto mchanga kwenye mji unaoungua, na mke wangu alifuta machozi akisingizia vitunguu vilivyokuwa jikoni. Lakini swali la mama lilikuwa limeshaniharibia. Kila mahandaki yalipoonekana nikawa natafuta sufuria.

Maoni yangu ni haya: ile mbinu ya kamera isiyokatwa imepewa watu wasio sahihi. Mpiganaji anakimbia, anajificha, anapiga, anapumzika. Anayefaa kufuatwa bila kukata ni mpagazi, kwa sababu yeye kazi yake ni kutembea tu. Kamera ikae nyuma ya kisogo chake, kilo 25 kichwani, kutoka Lindi mpaka Mahiwa, saa mbili hizo tusikie pumzi yake. Sidhani kama itapata mdhamini.

Hata kwenye ukumbusho ni vivyo hivyo. Sanamu ya Askari pale Posta, Dar es Salaam, ya mwaka 1927, juu kasimama mwenye bunduki. Nairobi sanamu ni tatu na mmoja ni mpagazi, na maandishi ya kotekote, huko na huku, yanawaita miguu na mikono ya jeshi. Sisi tumebaki na maandishi hayo na jina la soko. Kariakoo ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, na nina hakika nusu ya wanaouza pale hawalijui hilo.

Jumamosi nilimpeleka mama hukohuko akanunue vitenge vya kurudi navyo. Tulipomaliza, kijana mmoja akajitwika mzigo wetu juu ya robota la mtu mwingine, akatangulia akipiga kelele watu wampishe. Mama akamfuata mbio mbio na miwani yake mipya, mimi nyuma. Tulipofika kwenye bajaji nikatoa elfu mbili. Mama akanishika mkono nisubiri, akamgeukia yule kijana.

"Umekula, baba?"

"Bado, bibi. Hata chai ya saa nne."

Ilikuwa saa sita kasoro. Mama akaanza kufungua fundo la kanga.