Shati jeupe na orodha ya wapiga kelele

Kwenye kozi ya Kijerumani hapa Berlin, mwalimu alituwekea filamu ya Die Welle, yaani Wimbi. Ni ya mwaka 2008, aliyeiongoza ni Dennis Gansel. Mwalimu wa sekondari aitwaye Rainer Wenger anapewa wiki moja awafundishe wanafunzi habari za udikteta. Wanafunzi wanaona anawapotezea muda: Ujerumani ya Hitler tena? Hayo yameshapita. Basi anaanza kidogokidogo. Ukitaka kujibu, simama. Mimi si Rainer tena, ni Herr Wenger, yaani Bwana Wenger. Kesho wote shati jeupe. Wiki haijaisha, wana salamu yao ya mkono, na asiyeitoa anazuiwa mlangoni.

Wenzangu darasani walikunja nyuso. Mimi, Mungu anisamehe, nusu saa ya kwanza nilikumbuka nyumbani tu. Kusimama ukimjibu mwalimu, hilo nalo la kushangaa? Shati jeupe nimelivaa miaka 11, lile la msingi na kaptula ya bluu, kola imekwanguka kwa kusuguliwa na sabuni ya mche. Na pale wanapopiga miguu chini kwa pamoja mpaka darasa la chini yao linatikisika, nikasikia mchakamchaka wa alfajiri, vumbi mpaka puani, tunaimba kumtukana Idi Amin wakati hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amezaliwa vita vilipokwisha mwaka 1979. Tuliimba kwa furaha kweli. Mtoto aliyechelewa kwa sababu hana viatu, akishaingia kwenye mstari ule, haonekani tena kama hana viatu.

Filamu ilipokwisha mwalimu akauliza: nani angevaa lile shati? Kimya. Nikanyoosha mkono. Aliniangalia kama nimesema nimeua mtu.

Nimekaa hapa miaka sita sasa, na Wajerumani nawaheshimu kwa jambo hili: wanaliogopa kundi, na wanawafundisha watoto wao waliogope. Watu wakianza kupiga makofi kwa mpigo mmoja, utaona mzee anatazama pembeni. (Isipokuwa uwanja wa mpira. Na taa nyekundu: saa nane usiku, hakuna gari wala baiskeli, watu wanne tumesimama kwenye baridi tunasubiri kijani, na mimi mmoja wao.) Lakini naona wanaogopa sehemu isiyo yenyewe. Wanaogopa wimbo.

Kwenye ile filamu, Wenger hakunitisha sana. Kilichonikaba ni msichana Karo, anayekuja na blauzi nyekundu, na jinsi wenzake wanavyoacha kumwona. Hakuna aliyewaamuru. Kwa kweli hapo ndipo nilipojitambua, maana mimi shuleni nilikuwa kiranja.

Waliosoma Tanzania wanajua. Mwalimu anatoka, kiranja anabaki na kikaratasi: orodha ya wapiga kelele. Jina, halafu ukirudia, mara mbili, mara tatu. Darasa la sita nilimwandika mwenzangu wa dawati moja, mara nne. Hakuwa amefungua mdomo. Alikuwa ameninyima ubuyu. Alichapwa fimbo nne mbele ya watoto zaidi ya 70, na hakuna aliyesema "huyu hakuongea", ingawa nusu ya darasa walikuwa wanatuangalia. Huyo mwalimu hakuwa dikteta. Alikuwa amechoka tu, na orodha ilimrahisishia kazi.

Nyumbani ile orodha hatuioni kabisa. Tunaiita nidhamu. Tunaiendeleza ukubwani: kwenye kikao cha harusi, kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, anayeuliza hela zimekwenda wapi anaandikwa.

Hapa Berlin, mtaa wa Brunnenstraße, kuna kibamba cha shaba sentimita 10 kwa 10 kimezikwa kwenye njia ya miguu, kwa ajili ya Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akawa askari wa Wajerumani angali mtoto, akaja Berlin, akafundisha Kiswahili chuo kikuu na kuigiza kwenye filamu zao. Mwaka 1941, enzi za Hitler, walimkamata kwa kosa la uhusiano na mwanamke wa Kijerumani. Hakufikishwa mahakamani. Alifia kambi ya mateso ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944. Nikipita pale huwa nasimama kidogo. Watu wananipita pande zote mbili, wanawahi treni.

Wiki iliyopita mpwa wangu kanipigia, sauti imempanda kwa furaha: "Mjomba, nimechaguliwa kiranja!" Nikampongeza, ningefanyaje. Nikamuuliza ameshaandika wangapi.

"Kumi na mmoja. Walikuwa kumi na wawili, mmoja nimemfuta."

"Kwa nini?"

"Kanipa kalamu."