Skripti haioni inachokibofya

Kunakili majina 300 kutoka faili moja kwenda kwenye fomu za programu nyingine, ukibandika, ukibonyeza Tab, kisha Enter, huchosha vibaya, na aliyechoka hukosea. Hapo AutoHotkey, lugha ya kuandikia skripti (orodha ya amri ambazo kompyuta huzifuata yenyewe) iliyotoka mwaka 2003 kwa ajili ya Windows, humfaa hata asiye mtaalamu. Mistari michache inatosha: fungua programu, subiri dirisha, andika, bonyeza Enter. Kwenye Mac, AppleScript imekuwapo tangu 1993.

Mimi ni mtetezi wa lugha hizi. Zinamwezesha karani kujipunguzia kazi bila kusubiri idara ya kompyuta, tena hata kwa programu kuukuu ambayo haina njia nyingine ya kuingizia data.

Lakini wanaozitilia shaka wana hoja nzito. Niliwahi kuandika skripti iliyopumzika nusu sekunde, Sleep 500, ndipo ianze kuandika. Ilikwenda vizuri wiki nzima. Siku moja kompyuta ikawa nzito, dirisha likachelewa, na majina yote yakamiminika kwenye barua pepe niliyokuwa nimeiacha wazi nyuma yake, Enter baada ya Enter. Mtu angeona na kuacha kuandika palepale. Skripti ilikwenda hadi jina la mwisho. Nilipaswa kutumia WinWaitActive, amri inayongoja dirisha lenyewe badala ya kuhesabu muda.

Kubofya kwa vipimo vya skrini, yaani kuitajia skripti mahali pa kubofya tu, nako ni hatari hiyohiyo: toleo jipya likisogeza kitufe, skripti itabofya kilichokaa mahali pake, hata kama ni "Futa".

Kuna pia suala la umri. Toleo la pili la AutoHotkey, la Desemba 2022, lilibadilisha sintaksia, yaani kanuni za kuandika amri, kiasi kwamba skripti nyingi za zamani haziendi bila kuandikwa upya. Mwaka 2023 Microsoft ikatangaza kwamba VBScript, lugha yake ya zamani ya skripti, itaondolewa kwenye Windows. Aliyeandika skripti akiwa ameshahama kazi, nani ataitengeneza?

Kwa hiyo, programu ikiweza kupokea faili la CSV (jedwali la maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa koma) moja kwa moja, sioni sababu ya kuigiza vidole. Isipoweza, andika skripti, ila kabla ya kila Enter ikague jina la dirisha lililo mbele. Likiwa silo, isimame hapohapo na kuonyesha imefikia jina la ngapi.