Timu isiyouliza kama unajua

Mwanafunzi mpya anayetaka kuingia katika timu ya chuo, hapa Arusha na hata kule Moshi, kwa kawaida hukuta sharti moja mlangoni: awe anaujua mchezo tayari. Timu ya mpira wa miguu huwachuja vijana waliong'ara UMISETA, michezo ya shule za sekondari, ya netiboli hufanya vivyo hivyo, na sisi tuliobaki tunapewa kazi ya kushangilia. Mimi sikuwahi kupangwa hata katika kikosi cha akiba tangu shule ya msingi, mpaka nilipojiunga na wanafunzi wenzangu wanaoendesha mitumbwi kwa kafi, yaani kasia fupi la mkononi, katika Ziwa Duluti, Tengeru. Tangu hapo nina maoni ambayo viongozi wetu wa michezo hawayafurahii: fedha za michezo chuoni zianzie kwenye michezo inayompokea asiyejua kitu.

Duluti ni ziwa dogo la kasoko chini ya Mlima Meru, limezungukwa na msitu wa hifadhi unaosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, na halipo mbali na barabara kuu ya Arusha–Moshi, hivyo mtu hushuka kwenye daladala akamalizia kwa miguu. Hatuna mitumbwi yetu. Tunakodi ile ya waongoza watalii, asubuhi na mapema kabla wageni hawajafika, na mmoja wao, kijana wa hapohapo Tengeru, ndiye mwalimu wetu. Siku ya kwanza alinikalisha mbele, akaniweka mkono mmoja juu ya kishikio cha kafi na mwingine chini karibu na bapa, kisha akasema, "Dada, usiyapige maji. Zamisha bapa lote, halafu vuta mtumbwi ulifuate." Nilidhani ni kazi ya mikono, kumbe nguvu hutoka kiunoni na mgongoni, na anayetegemea mikono peke yake huchoka kabla ya kufika katikati ya ziwa.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi watu wawili wanavyogawana kazi humo ndani. Wa mbele hutoa mwendo, wa nyuma hushika njia kwa kuligeuza bapa kidogo kila anapomaliza kuvuta. Wa nyuma anamwona mwenzake muda wote, ilhali wa mbele haoni kitu isipokuwa maji na mafunjo, kwa hiyo inambidi apige kwa mwendo ambao mwenzake wa nyuma anaweza kuufuata, na akijitia ubabe mtumbwi huanza kuyumba na kwenda upogo. Nyuma yangu alikaa kaka mmoja wa Pemba (watu wa bara hudhani kila Mpemba amezaliwa na kafi mkononi; huyu hata kuogelea alikuwa hajui), na kwa wiki kadhaa maneno yetu yalikuwa "kulia", "kushoto" na "pole".

Kaka huyo alipofiwa na baba yake katikati ya mitihani, waliokusanya nauli yake usiku uleule walikuwa watu wa mtumbwini. Darasa lake lina mamia ya wanafunzi na kundi la simu lenye ujumbe mchana kutwa, na rambirambi zilitumwa humo nyingi tu, lakini hakuna aliyejua kwamba hakuwa na fedha ya basi wala ya boti. Sisi tulijua. Sababu yake, kwa maoni yangu, ni ya kawaida kabisa: darasani usipofika somo linaendelea, lakini ukikosekana ziwani kuna mwenzako aliyepanda daladala saa kumi na mbili asubuhi ambaye mtumbwi wake hautashuka majini, naye lazima akupigie kuuliza kuna nini. Mtu anayeulizwa hivyo kila wiki huacha kuwa mgeni mjini bila kujua ni lini hasa alizoea.

Kafi haijawahi kuhitaji mabingwa ili ifanye kazi hiyo. Mwaka 1996, Don McKenzie, daktari wa michezo wa Chuo Kikuu cha British Columbia huko Vancouver, Kanada, aliwaingiza wanawake 24 waliokwisha kutibiwa saratani ya matiti katika mashua ya joka, chombo chenye asili ya China ambamo wapigaji kafi 20 hukaa wawiliwawili, mpiga ngoma akiwa mbele na mshika usukani nyuma. Enzi hizo wagonjwa wa aina hiyo walikuwa wakionywa wasirudierudie kazi nzito za mikono, kwa hofu ya uvimbe wa mkono. Hakuna aliyepata uvimbe mpya, na leo timu kama ile zipo katika nchi nyingi, zikiwa na wanawake ambao wengi wao hawakuwahi kujiona kuwa wanamichezo.

Kila tunapoomba fedha tunaulizwa tumeleta kikombe gani. Swali hilo silioni kuwa na uzito. Lenye uzito ni la usalama, kwa kuwa wanafunzi wengi hawajui kuogelea na maji hayana urafiki. Ndiyo maana ninapinga mtu kupanda mtumbwi bila jaketi la kujiokolea hata kama ni kwa picha tu, na ningependa kila anayejiunga aanzie kwenye bwawa la kuogelea, ajifunze kuelea na kupanda tena mtumbwi uliopinduka. Hilo lina gharama. Lakini Taasisi ya Nelson Mandela na Taasisi ya Maendeleo ya Jamii zote ziko Tengeru, na vyuo jirani vikichangia kukodi mitumbwi na kumlipa mwalimu, mzigo wa kila kimoja utapungua. Ombi letu tumeliandika kwa sura hiyo, pamoja na bei ya majaketi, na sasa linasubiri kikao cha bajeti.