Stori ya mbuzi kwa mahindi

Kuna stori tulifunzwa primary na mpaka leo sijaisamehe. Ati hapo kale watu walikuwa wanabadilishana vitu, wewe una mbuzi mimi nina mahindi, sasa ikawa shida juu mwenye mahindi hataki mbuzi anataka jembe, basi watu wakaumiza kichwa wakavumbua pesa, kisha zikaja benki, na mkopo ukafika mwisho kabisa. Mwalimu alichora hata mishale ubaoni.

Nimeikumbuka juzi nikiwa Kaloleni kwa kibanda cha mboga, mvua imetufungia hapo watu wanne, na tangu ile Finance Bill ya 2024, mswada wa kodi uliotoa watu barabarani, unajua vile Nairobi imekuwa, kila mtu ni mchumi. Mama mboga ana kitabu cha madeni, kava ilitoka kitambo, biro imefungwa kwa meza na kamba ya gunia ndio isitembee. Jina lako la kitambulisho halimo humo. Kuna Mwalimu 60, kuna Geti Nyeusi 150, kuna Mama Pacha 35 na nyanya. Mimi ni Miwani. Watu wanabeba sukuma leo wanalipa wakipata, na sijaona mtu akileta mbuzi.

Ni kitu mwanaanthropolojia David Graeber alieleza kwa kitabu chake cha deni cha 2011, na kabla yake mwenzake Caroline Humphrey alishasema 1985: wanaanthropolojia, watu wa kuchunguza jamii, wametafuta hiyo jamii inayoishi kwa kubadilishana tu, hawajaiona popote. Kubadilishana kulikuwepo, hata Wakikuyu na Wamaasai walikuwa wanapeana chakula kwa ngozi, lakini hao ni watu wa kutoka mbali, wanakutana kisha kila mtu anarudi kwao. Jirani na jirani walikuwa wanadaiana tu. Deni lilitangulia noti.

Sasa hapa kwetu pesa ililetwa na nani? Maana hakuna mtu alikaa Murang'a akachoka kuvuta mbuzi akaomba rupia, pesa ya wakati huo. Ilikuja na kodi ya nyumba, 1901, na Mwingereza anaitaka, na kama huna unaenda kuitafuta kwa shamba la mzungu. Si mimi nasema, Gavana Belfield mwenyewe 1913 alisema waziwazi kwamba kodi ndio njia ya kumtoa Mwafrika rizavu, yaani ardhi aliyotengewa, aende kufanya kazi. Ikifika 1921, mwaka ule shilingi ilianza, waajiri wakataka kukata mishahara theluthi nzima na kodi iko juu, Harry Thuku, kiongozi wa kutetea wafanyakazi, akakusanya watu, akashikwa Machi 1922, na waliokuja kumdai kwa kituo cha polisi wakapigwa risasi. Muthoni Nyanjiru, mama aliyekuwa mbele kwa hiyo umati, alianguka hapo. Yote hii haikuwa kwa ile mishale ya mwalimu.

Mzee mmoja hapo kibandani akanyoosha kidole upande wa ukumbi wa Kaloleni, akasema hapo ndio Makhan Singh alidai uhuru wa Afrika Mashariki mbele ya watu, Aprili 1950, na ni kweli, mwezi uliofuata wakamshika na hakutoka mpaka 1961. Mtu wa vyama vya wafanyakazi, kelele zake za kwanza zilikuwa za mshahara. Barabara tunazijua kwa majina ya wakubwa, yeye tunamjulia kwa mvua.

Lakini wasomi wetu wakifika hapa wanaanza kusifu mama mboga kama malaika, na hapo nawaachia. Huyu mama akikasirika anakuuliza deni kwa sauti mbele ya mtu unamtongoza. Alishanikatia kabisa mwezi mzima. Tofauti ni kwamba naweza kumjibu, namwambia mama mshahara umechelewa, ananiangalia viatu, anaamua. Mwaka fulani nilichelewesha apu moja ya mkopo siku tatu, ikatumia meseji shangazi yangu na bosi wangu wa zamani, watu imewatoa kwa simu yangu mwenyewe, na nikipiga hiyo namba hakuna mtu wa kubishana naye. Benki Kuu ilianza kuzipa hizo apu leseni 2022, sawa, lakini leseni haikupi uso wa kuangalia. Ile kodi ya 1901 ilikuwa hivyo pia, deni ambalo hukuchukua chochote, na ukienda kuuliza unapata askari.

Nilimweleza mama hii yote, mvua ikipungua. Akaniuliza, "Sasa hiyo umesoma ndio inalipa 180 yangu?" Nikampa mia mbili. Akapekua aproni, chenji hana, basi akafungua kitabu, akakata laini yangu, akaandika chini yake: Miwani, namdai— akasimama, akafuta, akaandika tena: Miwani, ananidai 20.