Modeli Mwenye Sharubu

Nilikuwa nimejilaza kwenye kochi naangalia mpira, mdogo wangu wa kike, anayesomea upambaji, akanijia na kijiti cha pamba. "Kaka, geuza shingo kidogo." Nikageuza, maana lilikuwa linapigwa penalti na sikutaka maneno. Nikasikia tone la kitu baridi kinachonata nyuma ya sikio.

"Nini hicho?"

"Gundi ya kope. Kaa nayo saa 24, ikikuwasha niambie."

Akanieleza kwamba hilo ndilo somo la mwanzo kwa mtu yeyote anayetaka kugusa nyuso za watu kwa malipo. Baadhi ya gundi za kope zina utomvu wa mpira, na wapo watu ambao ngozi zao hazielewani nao hata kidogo. Mteja wa aina hiyo ukimbandika kope bila kumpima, anaamka kesho yake macho yamevimba, na wewe huna kazi. Nikamsifu kwa bidii yake. Nikarudi kwenye mpira wangu, ule wa kwenye televisheni.

Keshokutwa yake alfajiri akanigongea mlango, sauti ya kilio lakini machozi sikuyaona. Modeli wake kapata dharura. Mtihani wa vitendo ni asubuhi hiyo hiyo. Asipopeleka uso, anarudia muhula mzima. "Kaka, nakuomba. Uso tu. Hata kuongea huongei."

Mtu ukiwa mkubwa nyumbani hukosi siku ya kunyongwa na huruma zako mwenyewe. Nikaenda.

Ukumbi wa mtihani ulikuwa na vioo vilivyozungushiwa taa, na mbele ya kila kioo ameketi msichana mzuri aliyefungwa utepe wa kurudisha nywele nyuma. Na mimi nikafungwa utepe. Nywele sina, ila ndivyo ulivyosema mwongozo. Mwongozo huo ulidai modeli awe na uso safi, asiwe na vidonda wala ugonjwa wa ngozi. Habari ya kuwa mwanamke au mwanamume haukugusa. Nadhani aliyeuandika hakuwahi kufikiria kama kuna haja.

Mwalimu akapita na karatasi yake, akasimama mbele yangu muda kidogo.

"Huyu ndiye modeli?"

"Ndiye, mwalimu."

"Ana sharubu."

"Chini yake kuna ngozi, mwalimu."

Mwalimu akaandika kitu. "Amefanyiwa jaribio la mzio?"

"Ndiyo, mwalimu. Juzi jioni, nyuma ya sikio la kushoto."

Hapo nikageuka nikamtazama mdogo wangu. Modeli kapata dharura leo alfajiri. Mimi gundi nilipakwa juzi. Akanishika kidevu, akanirudisha mbele taratibu. "Modeli hageuki, kaka." Kisha mwalimu akasoma swali la mtihani kwa sauti: kuficha weusi chini ya macho. Nikaelewa kila kitu. Katika ukoo wetu wote hakuna mwenye weusi chini ya macho kunizidi mimi, na mechi za usiku ndizo zilizonipa. Nilikuwa nimechaguliwa kwa vigezo.

Kwenye usafi, binti hakuwa na mchezo, lazima niseme. Mikono kaosha, brashi kazifuta kwa spiriti ya asilimia 70. Mwalimu akamtega: kwa nini 70, kwa nini isiwe kali zaidi, 99? Akajibu bila kupepesa kwamba spiriti kali mno hukauka mbio kabla haijaua vijidudu, na maji kidogo ndiyo yanayoisaidia kupenya. Krimu hakuchovya kidole koponi. Aliichota kwa kijiko bapa, akaiweka kwenye kibao, akafanyia kazi hapo. Maskara, rangi ya kope, aliichota kwa kiburashi cha kutupa, kila mchovyo kiburashi kipya, maana mrija mmoja ukitumbukizwa kilichogusa jicho la mteja mmoja, wateja wote wanaofuata wanashirikiana macho mekundu. Akanipaka na losheni ya kuzuia jua, ile yenye zinki. Mwalimu akatikisa kichwa kwa kuridhika. Ikumbukeni hiyo losheni.

Ikaja faundesheni, rangi ya kusawazisha uso mzima. Mimi nilidhani rangi hujaribiwa mgongoni mwa mkono, kama ninavyowaona wanunuzi wakifanya dukani. Kumbe mkono na uso havijuani kabisa. Alinichora mistari kwenye taya, akanipeleka dirishani kwenye mwanga wa jua, tukasubiri, kwa kuwa faundesheni nyingine hupakwa na rangi moja, ikikutana na hewa na mafuta ya ngozi inakoza. Alijaribu pia ile mbinu ya kutazama mishipa ya mkononi: ikionekana kijani ngozi yako ina asili ya joto, yaani inaelekea unjano, ikionekana bluu ina asili ya baridi, yaani inaelekea uwaridi. Aliukodolea macho mkono wangu hadi akakata tamaa. Kwa weusi wetu sisi, mbinu hiyo ni kupoteza muda, na wanaoifundisha wangetuambia mapema. Akaangalia taya tu, mstari mmoja ukapotea ndani ya ngozi, akasema ndio wenyewe.

Jirani yetu huko mambo yalikuwa yameshaharibika. Alimpaka modeli praima ya silikoni, ile krimu inayotangulia vipodozi vingine, juu yake akaweka faundesheni ya maji, na vile viwili vikakataa kuishi pamoja. Uso wa dada wa watu ukawa unabanduka vijipande vijipande kama mabaki ya kifutio juu ya daftari. Nikacheka. Mdogo wangu akanifinya.

Nilipofumbua macho tena nikajiona kwenye kioo nina mapande mawili ya rangi ya chungwa chini ya macho. Siyo kwa mbali. Chungwa la koni za barabarani. Nikamwuliza kwa sauti ya chini kama bado tupo kwenye mtihani au tumeanza kugombana.

"Tulia, kaka. Weusi wako una ubluu ndani yake. Kwenye duara la rangi, chungwa linamtazama bluu uso kwa uso. Zikikutana zinauana."

"Na mimi?"

"Wewe hufi."

Kweli, juu ya chungwa akagusagusa konsila, krimu ya kuficha madoa, kwa sponji yenye unyevu, bila kusugua, na miaka yote ya mechi za usiku ikafutika. Nikajitazama. Nikageuza kichwa kushoto, kulia. Sitaki kusema nilikuwa mzuri, ila nilijipa heshima.

Hapo ndipo ilipotakiwa tuishie. Lakini mwongozo ulisema poda, halafu kope.

Poda ile ni ya ungaunga, nyeupe, inayosemekana haina rangi ikishakaa usoni. Aliibandika kwa wingi chini ya macho, akaiacha dakika kadhaa ishike konsila, kisha akaipangusa kwa brashi kubwa laini. Mwanamke akipanguswa, poda huanguka chini. Kwangu ilikutana na sharubu. Sharubu zikaipokea, zikaihifadhi, na kila nilipovuta pumzi zikanigawia kidogo.

Akapaka gundi kwenye ukanda wa kope, akausubiri kama nusu dakika ili gundi ianze kunata, maana ikiwa mbichi kope hutembea. Akaniambia nitazame chini. Akaushusha ukanda kwa kibano hadi kwenye kigubiko cha jicho la kulia, umeshika upande mmoja, upande wa pili bado. "Usitikisike." Sikutikisika. Pua ndiyo ilianza kutekenya. Nikaibana kwa nguvu za kiume, machozi yakanilenga, na chafya ambayo ukiizuia hukasirika ikatoka imekasirika.

Wingu la poda likafunika kioo kizima. Utulivu uliporudi, jicho la kushoto liliona ukumbi mzima ukinitazama. La kulia halikuona kitu. Kope ya bandia ilikuwa imezishika kope zangu za juu na za chini pamoja, kwa uaminifu mkubwa.

Mdogo wangu akapeleka mkono kuvuta. Mwalimu akapiga kelele: "Usivute!" Ukivuta, inatoka na kope za mwenyewe. Akaagiza pamba iloweshwe kiondoa vipodozi chenye mafuta, ikandamizwe juu ya jicho, tungoje. Mafuta hulegeza gundi ile taratibu. Nikakaa na pamba jichoni, na wale mamodeli wazuri wakinipungia mkono kwa zamu upande uliokuwa unaona.

Jicho likafunguka, zima kabisa. Ila mafuta yalikuwa yameshalainisha kila kitu upande ule, na mwalimu alikuwa anahesabu dakika za mwisho. Binti akarudishia konsila haraka, akaikausha kwa ile ile poda, safari hii bila kipimo. Akanitazama kwenye kioo. Nikajitazama. Kope tuliamua zibaki za Mungu. Safi kabisa, huwezi kujua kama kulikuwa na vita.

Kilichobaki ni picha. Kila mtahiniwa alitakiwa kuwasilisha mbili: Kabla na Baada. Ya Kabla tuliipigia dirishani asubuhi jua likiwaka. Wakati wa Baada jua lilikuwa limejificha, mpigapicha akawasha flashi.

Akatazama kamera yake. Akanitazama mimi. Akarudia kutazama kamera.

Kwenye kioo nilikuwa binadamu. Kwenye picha, chini ya jicho la kushoto kulikuwa na mwezi mchanga mweupe pe, chini ya la kulia mwezi mpevu, na sharubu zangu zilikuwa za babu wa miaka 90. Uso uliobaki ulikuwa na ukungu wa kijivu, kama vile nimefariki na bado sijaambiwa.

Mwalimu, kwa furaha ambayo sikuipenda, aliwaita wanafunzi wote waje waone. Poda za namna ile zina silika, akawaeleza, na losheni ya jua ina zinki, na vyote viwili huurudisha mwanga wa flashi moja kwa moja kwenye lenzi. Macho ya mtu hayaoni kitu, kamera inaona yote. Ndiyo maana mtaalamu humpiga mteja picha moja ya flashi kabla hajamruhusu kuinuka kitini. Akanisimamisha, akapiga tena kwa flashi, akapiga bila flashi, akaniweka pembeni, akapiga tena. Wakaandika kwenye madaftari.

Mdogo wangu alifaulu. Usafi alipata alama zote. Kwenye kuficha weusi, mtahini aliandika kwamba weusi kweli hauonekani. Kwenye maoni ya jumla aliongeza: "Modeli ana maswali mengi."

Picha zangu mbili zimekuzwa, zimetundikwa kwenye ukuta wa darasa la wanaoanza, na chini ya kila moja kuna neno lake kwa herufi kubwa. Sikuulizwa. Nilizigundua siku nilipompelekea mdogo wangu mkoba aliousahau nyumbani. Wasichana waliokuwa mlangoni wakanyamaza ghafla, wakatazama ukutani, wakanitazama mimi, wakaminyana viwiko. Kisha mmoja wao, mwenye adabu zake, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, Baada."

Nikaitikia marahaba. Ningefanyaje?